Saba ya Kopa ya Boksi la Sabuni

Pa! Hivyo ndivyo karata ya bibi ilivyolia ikitua juu ya kigoda. Mpaka leo, mlango ukijibamiza kwa upepo huu wetu wa Sumbawanga, natabasamu peke yangu.

Jioni za baridi, tukishakula ugali wa ulezi, tulizunguka jiko la mkaa: babu, bibi, mama na mimi. Bibi ndiye aliyenifundisha kugawa. "Mke mwenzangu," ananiambia, "usinitazame mimi, tazama karata zako!"

Saba ya kopa ya kwanza iliharibika zamani, kabla sijazaliwa, bibi akakata nyingine kwenye boksi la sabuni, akachora makopa kwa kalamu nyekundu. Kwenye mchezo wetu saba inapiga zote isipokuwa ree, ile yenye A. Sasa ile ilikuwa nene, mgongo wa kahawia, kila mtu anaona imeshikwa na nani. Kwa hiyo kwetu ikawa adabu: unajifanya hujaiona. Mimi karata nilizipendea hapo, kwenye heshima ile ya kuchekesha.

Halafu akaja baba mdogo kutoka Kabwe, anakouza samaki, migebuka ya ziwani. Tukamkaribisha mchezoni. Turufu kopa. Mwishoni akatupa mfalme, kifua mbele. Nikampiga na saba. Pa! Bibi akapiga vigelegele.

"Karata ina alama!" baba mdogo akafoka. "Huu ni wizi!"

Wizi! Alama iko mgongoni, anayeiona ni yeye, mimi niliyeishika ndiye niliyekaa uchi. Nimuibie vipi?

"We naye," bibi akamwambia, "si ndiye uliyeitafuna ile ya kwanza ulipokuwa unaota meno?"

Hapo ndipo alipochukia kweli. Akaichukua saba yetu, akaitia kwenye mkaa. "Na mtoto wa kike na karata wapi na wapi? Nani atamuoa? Asicheze tena."

Nikamtazama mama. Mama akatazama sufuria. Babu akakohoa, akasema, "Basi, yaishe," akaziweka karata juu ya kabati.

Yaishe! Neno hilo silipendi hadi kesho. Analisema nani? Yule ambaye hajachomewa chake. Aliyeonewa anaambiwa anyamaze ili mgeni ale kwa raha, na mimi nikasema, "Sawa, babu." Mimi ni mtu wa kucheka, nina ndoto ya kufungua mgahawa wa chai hapa mjini wenye meza ya karata, na wanawake wakae wapige turufu mpaka chai ipoe. Siku ile sikucheka.

Asubuhi wote walikwenda kanisani. Mimi nilibaki kupika maharage. Nikapanda kwenye kigoda, nikashusha karata. Nikakata boksi la sabuni, nikachora makopa saba. La mwisho likakosa nafasi, likabanwa pembeni kama mtu aliyechelewa misa. Nikaichomeka saba mpya katikati ya karata, nikachanganya vizuri, nikazirudisha zote juu ya kabati.