Ubao wa Lucius na nafasi ya kumi na mbili

Saa tatu asubuhi, Jumapili ya kwanza ya Desemba, Lucius Tarpley amesimama mbele ya ubao, brashi imemkaukia mkononi. Timu kumi na moja ameshaziandika. Ya kumi na mbili inamtoa jasho, na baridi yote hii ya Alabama.

Lucius, 63, ni kinyozi. Kichwa kimoja ni dola kumi na nane, na siku njema hunyoa tisa. Lakini hapa Pell Hollow anajulikana zaidi kwa ubao wake. Kila mwaka, kabla kamati haijatangaza vyuo vitakavyoingia mchujo wa kandanda ya Kimarekani, yeye hupanga mchujo wake: nani apumzike raundi ya kwanza, nani akutane na nani, nani aachwe nje. Alianza miaka kumi na tisa iliyopita, kabla hata mchujo wenyewe haujakuwapo, watu wakimcheka. Mwaka jana alipatia timu kumi na moja kati ya kumi na mbili.

Huandika kwa rangi ya mafuta.

"Chaki ni ya waoga," anasema. "Unafuta, halafu unaapa hukukosea."

Leo anaitamani chaki.

Nafasi iliyobaki inagombewa na Tallow Creek, chuo cha hapa mjini, na Harlan Plains ya Kansas. Mrushaji mkuu wa Tallow Creek, anayeongoza mashambulizi yote, ni Corwin, mjukuu wa Lucius, aliyeumia goti wiki tatu zilizopita. Tangu hapo timu imeshinda mara mbili, zote kwa bahati ya mtende. Daktari anasema goti litapona Januari. Corwin yuko mwaka wa mwisho: timu ikiingia na kuvuka raundi ya kwanza, inayochezwa Desemba, atacheza tena. Isipoingia, mpira wake umeishia pale alipobebwa kwa machela.

Renita, mama wa Corwin, ameshapiga simu mara tatu. Ubao si kamati, amemwambia baba yake. Kumpa kijana moyo kutampunguzia babu yake nini?

Mzee Hosea Pruitt, anayengoja kunyolewa kabla ya ibada, naye hana subira. "Lucius, andika timu ya mjukuu wako twende tukasali. Ukitubu utasamehewa."

Lucius anaandika Harlan Plains.

Rangi haijakauka, Corwin anaingia kwa magongo. Anausoma ubao kutoka juu hadi chini.

"Babu, bila mimi hawatoshi?"

"Hawatoshi, mwanangu. Nimewatazama mechi zote mbili."

"Hata mimi nimewatazama." Mzee Hosea anampisha zamu yake. Corwin anakaa kwenye kiti, ananyoosha mguu. "Nipunguzie pembeni tu."

Lucius anamfunga shuka shingoni. Machozi yanamlengalenga wala hayafichi. Kamati itatangaza saa sita mchana. Anamsogelea mwandishi wa habari hii na kushusha sauti, mjukuu asisikie.

"Miaka yote hii namwomba Mungu niwe sahihi," anasema. "Leo naomba kamati iniumbue mbele ya mji mzima."