Dawati la Ukutani

Katika darasa la Asiya Chirau mtu hakujichagulia pa kukaa. Kila muhula ukiisha, Mwalimu Johnstone, mtu wa bara aliyewafundisha hesabu, alisoma namba za mtihani, na namba ndiyo iliyokuwa kiti chako. Wa kwanza alikaa mbele, dirishani. Wa mwisho alikaa nyuma kabisa, kando ya ukuta ambao tangu mvua za Elinino ulikuwa umetoa tumbo.

Asiya, msichana wa kijiji cha Munje, alikuwa wa nne. Malaria ikamlaza wiki ya mtihani, akawa wa arobaini na moja, wa mwisho. Akahamia ukutani.

Siku ya kwanza aliuona ufa, mwembamba kama uzi. Akaweka alama ya penseli pale ulipoishia. Kufika mwezi wa Mei, ufa ulikuwa umeipita ile alama kwa shubiri nzima. Mwalimu akifundisha, Asiya alisikiliza mchanga ukimiminika ndani ya mawe, shaa, kisha kimya. Kile kimya ndicho kilichomtisha zaidi. Akiulizwa swali, hakujua ni swali gani.

"Asiya, ukuta unakupigia hodi," Tofiki, aliyekuwa wa kwanza, alimtania. "Mwambie karibu!"

Darasa likacheka. Wa nyuma hawakucheka.

Nyumbani mamake alimwambia huku akiponda pweza, bila kumtazama: "Ami yako amesema, mwanangu. Ukirudi tena na namba ya mkia, shule basi."

Asubuhi ya mtihani wa hesabu Asiya alimngojea mwalimu mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba leo nikae mbele."

"Marahaba. Mbele pana wenyewe, Asiya. Mwenye kusoma haoni ukuta."

Mvua ikaanza kabla ya swali la pili. Maji yakateremka ukutani, na chembe za mchanga zikaanguka juu ya karatasi yake. Akazipangusa. Zikaanguka nyingine. Nusu saa ikapita, hajaandika kitu.

Ndipo akainuka. Akaichukua karatasi yake, akaenda mbele, akaketi sakafuni chini ya ubao, akaanza kuandika gotini.

"Rudi mahali pako!"

"Sirudi, mwalimu. Niwekee sufuri, lakini niwekee nikiwa hapa."

Mwalimu Johnstone akacheka kwa hasira.

"Haya. Nitakaa huko mimi, nikione hicho kinachokuzuia."

Akaenda akaketi kwenye dawati la ukutani, akafungua kitabu chake cha kusahihishia. Mchanga ukamwangukia kichwani. Akaupangusa. Akatazama juu. Akaiona alama ya penseli, akaufuata ufa kwa macho mpaka kwenye bati, na macho yake yakabaki huko.

Tofiki akageuka akanakili jibu zima la Ummulkheir, msichana aliyekaa nyuma yake. Mwalimu hakuona. Kalamu yake haikugusa kitabu tena. Asiya aliandika swali baada ya swali, kama aliyefunguliwa mkono, mpaka likabaki moja.

Shaa. Kisha kimya.

Mwalimu Johnstone akasimama taratibu sana, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. Sauti yake ilikuwa ndogo, hawakuwahi kuisikia hivyo.

"Acheni karatasi. Tokeni. Polepole, wanangu. Mtu yeyote asikimbie."