Niliamini nilichosoma kwenye simu, mtoto wa mwenzangu akafa

Admin, naomba ufunike jina langu na la shule yangu, maana hapa Kalemie tunajuana. Majina ya wenzangu nimeyabadilisha mwenyewe. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nafundisha biolojia sekondari. Sina mume, ninaishi na mama yangu mzazi. Vita ilipochoma vijiji vya upande wa Kiambi, tulipokea kwenye parseli yetu, yaani kiwanja chetu cha nyumbani, mama mmoja mkimbizi na watoto wake wawili. Nitamwita Mama Mwamba. Mume wake aliuawa shambani, yeye akatembea siku nyingi kwa miguu, akibeba watoto kwa zamu: Mwamba wa miaka saba na Feza wa miaka minne. Wote wawili wana anemi SS, ule ugonjwa wa damu wa kurithi ambao mifupa inauma mpaka mtoto analia bila kutoa sauti.

Mwanzoni hospitali iliwapa vidonge vya kila siku na tukaona nafuu. Kisha barabara zikafungwa, maboti yakapungua, na vidonge vikaisha. Muuguzi alituambia tusubiri tu, naye hakujua mpaka lini. Mama Mwamba alirudia jani moja chungu ambalo kwao wanalichemsha na kumkanda mgonjwa viungo. Kulinywa hawalinywi, alinieleza hivyo mwenyewe siku ya kwanza, na ningesikia hapo labda leo nisingekuwa ninawaandikia.

Lakini mimi nilikuwa nimesoma. Chuo kikuu tulifundishwa kutafuta kwenye hazina za data za biolojia zilizo mtandaoni. Unaandika jina la jeni, unaonyeshwa ugonjwa unaotokana nayo, njia inayofuatwa na kemikali ndani ya mwili, na vitu ambavyo watafiti wamevijaribu. Kila siku baada ya darasa nilipanda kilima nyuma ya shule, maana pale mtandao unashika, nikatafuta jeni ya ugonjwa huu, kutoka hapo nikaingia kwenye kemikali, kurasa zinafunguka polepole, nyingine zinakatika katikati. Jina la kitaalamu la lile jani nilikuwa nalijua. Siku ya nne nililikuta. Kemikali iliyomo ndani yake imeandikwa kwenye ukurasa mmoja na jeni ileile. Nililia kwa furaha peke yangu pale kilimani, kisha nikashuka mbio bila kusoma ukurasa mpaka chini.

Nilimwambia Mama Mwamba amnyweshe Mwamba kikombe asubuhi na jioni. Alisita, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwonyesha simu. Hajui kusoma Kifaransa wala Kiingereza, lakini alivyoona yale maandishi mengi na michoro, alishika mikono yangu yote miwili akanishukuru.

Wiki mbili Mwamba alikuwa mzima, mnisadiki. Alicheza mpira wa matambara na watoto wa jirani. Wiki ya tatu macho yakawa manjano kuliko kawaida yake, mkojo ukawa mweusi kama chai kavu isiyo na maziwa. Mama yake alitaka kumpeleka hospitali. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia, "Tungojee siku mbili, Mama. Dawa inasafisha damu, njo maana unaona vile." Akaningojea siku mbili. Siku ya tatu tulimpakia kwenye pikipiki katikati yetu, na kabla hatujafika nilisikia kichwa chake kimelegea begani kwangu.

Baada ya mazishi nilirudi kilimani nikasoma kila kitu. Ile kemikali ilijaribiwa kwenye damu ndani ya chupa tu, hakuna mtu aliyewahi kunyweshwa. Na kwenye hazina nyingine ya data wameandika kwamba inaharibu ini la panya. Sijui kama ni jani lililomuua au ni ugonjwa. Hilo ndilo linanimaliza, sitajua kamwe. Ninachojua ni zile siku mbili.

Mama Mwamba hanilaumu hata kidogo. Anaambia wamama wenzake wa kambi ya wakimbizi iliyo karibu nasi kwamba Mwalimu alipigania mtoto wake mpaka mwisho. Na juzi nimemkuta anamchemshia Feza jani lilelile kwenye sufuria, la kunywa. Nilimwaga yote chini. Nikamwambia aliache, halimfai mtoto. Akasema polepole, "Mwalimu, weye njo ulinipatia hii dawa. Kama njo iliua Mwamba, niambie. Kama hapana, uniachie Feza wangu, sina kingine."

Ukweli sikumwambia; niliinama nikaanza kufagia yale majani niliyoyamwaga. Yeye akaokota sufuria, akaenda kuchuma majani mengine. Mama yangu mzazi ananiambia nifunge mdomo, kwa sababu kule kambini wiki iliyopita walimpiga mwanamke mmoja wakisema ni mchawi wa watoto, na mimi nikikiri watanimaliza. Muuguzi anasema dawa haijafika bado. Leo asubuhi Feza amekataa uji, na nilipomfungua jicho kwa kidole niliona umanjano.

Ninyi mliozaa, mliofiwa, mliowahi kukosea kitu kisichorudi nyuma, semeni na mimi leo, msingoje kesho. Mama huyu nikimwambia ukweli, ninaanza na neno gani? Na nikimaliza kumwambia, atakubali tena nimshike Feza nimkimbize hospitali, au atamficha nisimguse?