Waya Aliouvuta Filemoni

Shirika la simu lilipobinafsishwa, Filemoni alipunguzwa kazini. Alikuwa amepanda nguzo miaka ishirini, kutoka Njombe hadi Makambako, na alichorudi nacho nyumbani Uwemba ni plaizi na kanuni ya chuoni ya kupanga nyuzi za rangi zilizo ndani ya waya: buluu na mwenzake, chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, kahawia na mwenzake, uzi hauachanishwi na mwenzake. Kanuni hiyo aliijua kama Baba Yetu.

Kwa hiyo Nasiri, muuza vipuri wa Makambako, alipojenga nyumba, alimwita yeye avute waya wa kompyuta kutoka sebuleni hadi chumba chake cha kazi. Filemoni aliufukia ukutani, akaubana vichwa vya plastiki kwenye ncha zake mbili, lipu ikapigwa. Mwaka uliofuata, 2006, intaneti ikaletwa, ikawa inatambaa. Kampuni ilimtuma fundi wake Mudy, baba wa watoto wawili, mtu mpole. Alipima laini ya nje, akabadili ruta, akaja mara tatu. Kasi ikabaki ile ile.

Nasiri alimuuliza Filemoni anaonaje. Lo, alikuwa anangoja kuulizwa! Donda la kupunguzwa lilikuwa bado bichi.

"Hawa wa siku hizi kazi wamejifunzia kwenye karatasi," alisema. "Huyo Mudy hajui waya. Hapo kosa ni la fundi."

Jumapili hiyo Mudy alimfuata Uwemba, akamngoja nje ya kanisa.

"Shikamoo mzee. Nina neno dogo, la sisi wawili."

"Kama umekuja kulialia, mlilie meneja wako," Filemoni alimjibu kwa sauti, ili waliotoka misani wasikie. Wengine walicheka. Mudy aliinamisha kichwa, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Nasiri alikuwa amekwisha kuyafikisha maneno ya mzee kwa meneja. Jumatatu Mudy akafukuzwa. Filemoni akaahidiwa nafasi yake, ila kwanza aiponye nyumba ya Nasiri. Baada ya miaka mitano ya kulima viazi, angevaa tena fulana ya kazi. Usingizi ulimpaa kwa furaha.

Siku ya kazi alipewa ofisini mfuko wa vifaa aliouacha Mudy. Kwa Nasiri alianza na kompyuta: aliihamishia sebuleni, akaiunganisha na ruta kwa waya mfupi wa dukani. Kurasa zikafunguka papo hapo. Akairudisha chumbani, akachomeka waya wa ukutani. Ikatambaa. Basi laini ilikuwa nzima, ruta nzima, na mgonjwa alikuwa huyo aliyefukiwa kwenye lipu.

Aliviweka vichwa viwili sambamba kwenye mwanga wa dirisha. Katika waya wa dukani, kijani na mwenzake walikuwa wameachana, na jozi ya buluu imekaa katikati yao. Katika wake, kila rangi ilikuwa ubavuni kwa mwenzake, kama kanuni ilivyosema. Kanuni ya simu, si ya kompyuta. Mikono yake ndiyo iliyofanya hivyo, tena kwa majivuno.

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alivikata vichwa vyote viwili vya waya wa ukutani, akavitia mfukoni mwa suruali, akabana vipya akiiga mpango wa dukani. Kompyuta ikakimbia.

Nasiri aliingia akitabasamu. "Ilikuwa nini, mzee wangu?"

Filemoni alikuwa na jibu la kweli mdomoni. Akalimeza.

"Panya. Walitafuna waya pale unapotokea ukutani, na Mudy hakuona."

Nasiri akaenda sebuleni kumpigia meneja. Filemoni alipokuwa akirudisha vifaa, daftari la Mudy lilichomoza kwenye mfuko wa vifaa. Akalifungua ukurasa wa mwisho.

"Kwa Nasiri. Tatizo ni waya wa ukutani, rangi zimepangwa kisimu. Aliuvuta Mzee Filemoni. Mkubwa hasahihishwi mbele za watu. Jumapili nimfuate Uwemba nimwambie faraghani, arekebishe mwenyewe."

Aliusoma mara mbili. Bado alikuwa na nafasi ya kusema kweli. Sebule ilikuwa hatua kumi.

"Mzee Filemoni," Nasiri aliita, simu ikiwa sikioni. "Meneja anasema uanze Jumatatu."

Filemoni alilifunga daftari, akalisukuma chini kabisa ya mfuko, chini ya plaizi.

"Mwambie ahsante," alisema.