Paka Aliyenyimwa Maji

Sikuwahi kuwa mtu wa paka. Kwangu paka alikuwa wa kukaa stoo na kulinda mahindi, basi, na akithubutu kuingia jikoni alikuwa anapambana na ufagio. Mambo yalibadilika pale Milanzi ninapoishi, majirani wa nyuma walipoweka sumu ya panya kwenye stoo yao. Panya walikufa, na paka wao aliyewala akafa pia. Aliacha watoto wawili ndani ya gunia tupu, ndiyo kwanza wanajifunza kutembea. Jirani alisema atakwenda kuwatupa, na alisema kwa sauti, mama yangu akasikia.

Mama alikuwa ameletwa kwangu kutoka Mwimbi baada ya miguu yake kulikataa shamba. Alikaa nyumbani kwangu kama mgeni: hataki hiki, hagusi kile, kutwa anauliza nani anapalilia ulezi wake. Siku hiyo alinyanyuka mwenyewe, akachukua fimbo, akaenda kwa jirani na kurudi na gunia limebanwa kwapani.

"Nyumba isiyo na paka inawalimia panya," akasema.

Tangu aje, sikuwa nimemwona ana kitu cha kushughulikia, na kusema kweli nilifurahi mpaka nikaenda chumbani kujifuta machozi.

Tukawapa maziwa. Paka na maziwa, nani asiyejua? Tena tulikuwa na bahati, maana mtaa wa pili kulikuwa na mama mmoja wa Kisukuma, familia yao ina ng'ombe, na alikuwa akitupitishia kidumu kidogo kila asubuhi kwa ajili ya mama. Mama hakunywa. Alisema wenye njaa ni wale wa kwenye gunia.

Haikuchukua muda wakaanza kuhara. Na sisemi kuhara kwa siku moja kukaisha. Ilikuwa maji ya njano, harufu ya kukata pua, kwenye mkeka, kwenye kitenge cha mama, kwenye viatu vyangu vya kazini. Nilifua huku nasonya. Baridi ya Juni huku kwetu si ya mchezo, maji ya bomba yanauma vidole na nguo hazikauki. Nikakata maziwa, nikidhani nimepata dawa. Wapi! Wakaendelea kuhara vilevile, huku mgongo unazidi kuonekana mifupa.

Ndipo mama akaleta ujuzi wake wa Mwimbi. Anayehara hapewi maji. Analishwa uji mzito wa ulezi, anafungwa kitambaa tumboni, na maji yanawekwa mbali naye mpaka tumbo lifunge. Ndivyo walivyofanya akina mama wote aliowajua. Kila nilipoweka kisosi cha maji, nikigeuka tu, kimeondolewa.

"Mama, watakufa hawa."

"Ndoo inavuja, wewe unazidi kuijaza?"

"Lakini mama..."

"Wewe nilikulea na nini?"

Mimi ni mwalimu, na mdomo ninao, waulize wanafunzi wangu. Lakini mbele ya mama, mdomo huo unakuwa wa kuazima. Nikaenda shule nimenuna. Niliporudi mchana, mmoja alikuwa ameshakufa. Mama alikuwa amemviringisha kwenye kipande cha kanga na kumlaza kando ya mlango. Wa pili alikuwa ndani ya sweta lake, kichwa kimelegea.

"Huyu asife," mama akaniambia. "Akifa na huyu, mimi unirudishe Mwimbi. Sina kazi hapa."

Kule Mwimbi hakukuwa na mtu wa kumchotea maji wala kumwashia moto. Nilijua, na yeye alijua. Nikaogopa.

Nikampigia simu bwana mifugo wa kata. Akacheka.

"Mwalimu, mimi ni wa ng'ombe na nguruwe."

"Basi jifanye ni ndama mdogo sana. Njoo baba, nakuomba."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alifika na pikipiki yake, akamwamkia mama shikamoo, akapiga goti pale kwenye mkeka. Akaivuta ngozi ya shingoni kwa paka na kuiachia. Ilibaki imesimama. Akamfungua mdomo na kugusa fizi kwa kidole.

"Anakunywa maji?"

Nikamtazama mama.

"Bibi," akasema, kwa adabu kabisa, "tumbo lake linaumwa, ndiyo, na minyoo atakuwa nayo. Dawa ya minyoo nitampa akipata nguvu. Ila kinachommaliza sasa hivi ni kukauka. Huyu ana kiu."

Akaagiza maziwa ya ng'ombe yasimguse tena. Ninunue pakiti ya chumvichumvi za kuwapa wanaohara duka la dawa, nichanganye kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, nimtonee pembeni ya mdomo kwa bomba lisilo na sindano, kidogo kidogo, kutwa nzima. Nimweke pa joto. Akianza kuchangamka, supu ya kuku isiyo na chumvi wala kitunguu.

Nilijiandaa kwa ugomvi. Haukuja. Niliporudi kutoka dukani na kuchanganya, mama alinyoosha mkono tu, nikampa bomba.

Akakaa karibu na jiko la mkaa, paka mapajani, anatonea. Mwanzoni maji yalimwagikia shingoni. Mama akafuta, akatonea tena. Ikawa hivyo mpaka nikakata tamaa, nikaanza kukoka moto wa ugali. Mara nikaona ulimi umetoka. Halafu yule kiumbe akalikumbatia lile bomba kwa miguu yote miwili ya mbele na kulinyonya.

"Mama! Ona, anakunywa! Anakunywa jamani!"

Nilipiga makofi kama mwendawazimu. Mama hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mdogo wako naye aliniomba maji," akasema.

Nilijua nilikuwa na mdogo wangu, yule aliyenifuata, na kwamba alifariki kabla hajaweza kukimbia. Nyumbani hakutajwa. Mimi nilidhani ni surua. Mama akanieleza, bila kuacha kutonea, kwamba alihara, kwamba alikuwa akiuonyesha mtungi kwa kidole, na kwamba yeye aliuhamishia mtungi nyuma ya mlango ili mtoto asiuone.

"Sikumnyima kwa ubaya," akasema. "Nilitaka apone."

Nikamsogezea kikombe cha maji yale.

"Haya mambo ya maji," akauliza, "wataalamu wameyajua lini?"

Nilifundishwa kumpa anayehara maji, chumvi na sukari nikiwa darasa la tatu, katika kitabu kilichokuwa kimechakaa tayari, kwenye shule ambayo kengele yake ilisikika mpaka uani kwetu. Nimewafundisha watoto wa watu somo hilohilo tangu nishike chaki.

"Juzijuzi tu, mama. Enzi zile hakuna aliyejua."

Akanitazama.

"Hata masista wa zahanati ya misheni?"

"Hata wao."