Pikapu ya Baba na Propela ya Mbele

Pikapu hiyo niliachiwa na baba yangu, na kabla ya kuniachia alinifundisha kulala chini yake. Kila Jumamosi, nikiwa bado msichana, tulitandika gunia uani kwetu Njoro, nikaingia na pampu ya grisi huku yeye akinitajia sehemu moja moja. Propela ya nyuma, lile bomba refu la chuma linalozungusha magurudumu ya nyuma. Propela ya mbele, fupi, inayovuta magurudumu ya mbele ukiweka four-wheel. Kila moja ina krosi mwanzo na mwisho, ndipo inapopindia. Nataja haya ili mtu asije akaniambia sijui gari. Ninayosimulia nayasimulia kwa hasira, na sitaomba radhi.

Mume wangu aliipenda pikapu kwa namna yake. Mimi niliitumia kuchukua maziwa kwa wafugaji wa upande wa Mau. Yeye aliitaka iwe ndefu kwenda juu. Jumapili baada ya kanisa, wanaume wenye magari marefu walikutana kule Kariandusi, wakapanda na kushuka kwenye vumbi jeupe, wakapigana picha, wakarudi nyumbani weupe hadi nyusi. Nilikubali inyanyuliwe kwa sharti moja, isiniharibie kazi. Aliyepewa kuinyanyua ni msimamizi wetu wa harusi, rafiki wa mume wangu tangu shuleni, mwenye gereji mjini Nakuru. Ndiye aliyesimama kando yetu na mkewe siku ya harusi, wakaahidi mbele ya mchungaji kwamba tukikosana watatupatanisha.

Pikapu ikarudi na springi mpya na magurudumu makubwa. Kupanda ilibidi nining'inie mlangoni. Lakini kwenye lami, nikikanyaga mafuta kidogo tu, sakafu ilitetemeka chini ya miguu na mitungi ya maziwa ikagongana nyuma. Nilijua ni nini. Ukinyanyua gari, gearbox hupanda na bodi, lakini ekseli hubaki chini na magurudumu. Propela iliyo kati yao inalala kwa mteremko mkali, na krosi zake zinapinda kupita kiasi. Ya mbele ilikuwa mbaya zaidi kwa vile ni fupi, na kwenye gari letu huzunguka wakati wote, hata kama hujaweka four-wheel.

"Ni angles," nikawaambia wote wawili. "Mmeinua body mkasahau propela."

"Shem, hiyo ni tyre tu," msimamizi akacheka. "Itazoea."

Nililalamika mezani, kitandani, hata njiani kwenda kanisani. Mwishowe wakaipeleka tena gereji, ikarudi imetulia tuli. Nilifurahi sana, nikampelekea msimamizi kuku mzima.

"Na service tuachie sisi sasa," akaniambia. "Usiingie tena chini na hizo nguo."

Nilidhani ni heshima.

Mvua zilipoanza, shule zikiwa zimefungwa, nilitoka asubuhi kwenda Mau na binti yetu. Mume wangu mwenyewe alimfunga mtoto mkanda, akafunga mlango, akainama dirishani kwangu.

"Ukifika kwa ile tope, weka four-wheel tu. Usijali."

Kwenye kilima cha mwisho niliiweka. Taa yake ikawaka mbele yangu kama kawaida. Magurudumu ya nyuma yakachimba tope, ya mbele hayakuvuta hata kidogo, na pikapu ikaanza kurudi kinyumenyume kuelekea korongo. Binti yangu hakulia. Alishika mkono wa sweta yangu tu. Gurudumu la nyuma lilipogonga kisiki tukasimama. Nilimshusha, nikamweka mbali penye nyasi, kisha nikatandika koti langu na kuingia chini ya gari. Pale propela ya mbele ilipopaswa kuwa hapakuwa na kitu.

Hawakuwa wamerekebisha lolote. Walifungua propela ya mbele wakaiondoa, mtetemo ukaisha, na four-wheel ikaisha nayo. Nilichoachiwa ni gia na taa.

Mfugaji mmoja alituvuta kwa trekta. Njia nzima ya kurudi nilimtetea mume wangu moyoni. Labda hakujua. Labda na yeye alidanganywa na rafiki yake. Nyumbani niliingia stoo kutafuta gunia la kufutia tope, na nyuma ya viazi nikaikuta propela, imefungwa vizuri kwa pazia langu kuukuu la jikoni. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu hata nguo nilikipa mimi.

"Ulikuwa unasumbuka sana na hiyo kelele," mume wangu akasema. "Tulitaka tu upate amani, halafu tuitengeneze vizuri baadaye."

Basi mimi ndiye niliyekuwa kelele.

Kwa desturi, mambo yakifika hapo wasimamizi huitwa. Walikuja Jumapili, chai ikamiminwa, na yule bwana akakohoa akaanza: "Shem, ndoa ni kuvumiliana." Nikaenda stoo, nikarudi na propela begani, nikailaza mezani kati ya vikombe. Mkewe akauliza hicho ni nini. Wanaume wakatazama chai yao, kwa hivyo nikamweleza mimi, kuanzia kilima hadi pazia.

Akamgeukia mumewe. "Na mtoto alikuwa ndani?"

Waliondoka bila hata maombi ya kufunga kikao, na tangu hapo hatuna wa kutupatanisha.

Gari nililipeleka mwenyewe kwa fundi mwingine. Aliirudisha propela mahali pake, akapima mteremko wake kwa simu aliyoilaza juu ya chuma, akaingiza kabari nyembamba kati ya springi na ekseli ili pua ya ekseli itazame juu kidogo. Hakuzidisha, maana ukizidisha usukani unakosa utulivu. Upande wa gearbox akaunganisha krosi mbili badala ya moja, zigawane kupinda. Jioni ya siku hiyo hiyo nikaondoka nayo, mitungi kimya nyuma, four-wheel ikivuta. Nililia nikiendesha, kwa sababu ilikuwa kazi ya siku moja.

Bado tunaishi pamoja. Asubuhi za mvua bado huniambia, "Ukifika kwa tope, weka four-wheel." Natandika gunia uani, nalala chini ya pikapu, naishika propela ya mbele kwa mkono. Yeye husimama pale na mwavuli, akingoja nimalize.