Mfupa Mzima

Nilifundisha watu kusoma picha za mifupa ya miguu kwa miaka mingi bila cheti chochote cha kufundisha. Cheti nilichokuwa nacho kilikuwa cha kidato cha nne, na hicho kilinifikisha kwenye mlango wa chumba cha giza cha hospitali moja ya Kitale, ambako niliajiriwa kuosha filamu za eksirei na kuzianika. Ukitazama kitu kimoja kila siku, mwaka baada ya mwaka, jicho hujifunza lenyewe. Nikawa naona ufa kabla fundi wa mashine hajauona. Baadaye hata daktari, akiwa na haraka, aliniinulia filamu dirishani na kuniuliza, "Mzee, hapa unaona nini?"

Ndivyo ilivyoanza. Wanafunzi wa tiba ya miguu walipoanza kuletwa kwetu kwa mafunzo, kliniki ya vidonda vya sukari ilikuwa imejaa hadi nje, na daktari wa picha alikuja mara moja kwa juma, akasoma rundo lake, akaondoka. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuwafundisha. Wakaletwa kwangu koridoni, mbele ya kisanduku cha taa ambacho balbu yake moja ilikuwa imekufa, hivyo upande mmoja wa kila mguu ulikuwa gizani mpaka uigeuze filamu.

Siku ya kwanza niliwaambia wavue viatu wote, na kila mmoja aushike mguu wake mwenyewe. Kisha nilimwaga mahindi na maharagwe mezani, nikawaambia waupange mguu: mifupa ishirini na sita, maharagwe kwa kisigino na katikati ya mguu, mahindi kwa vidole. Aliyekosea nilimvurugia akaanza upya. Mwanzoni walicheka. Baada ya siku tatu walikuwa wanapanga huku wakipiga hadithi. Ndipo nilipowapa filamu.

"Anza na ua wa shamba," niliwaambia. "Mwizi wa mahindi hashuki kutoka mbinguni akaanguka katikati ya shamba. Anapita penye pengo. Fuata ukingo wa mfupa, ule mstari mweupe kama wa chaki, mfupa mmoja baada ya mwingine. Mstari ukikatika, hapo mwizi ameingia."

Walinipa jina la Prof. Prof wa Vidole. Sikuwakataza. Mtu aliyeishia kidato cha nne akiitwa Prof na vijana waliovaa makoti meupe, moyo hufura. Wangu ulifura.

Jambo moja lazima nilieleze vizuri, kwa sababu ndilo lililoleta haya yote. Mimi sikuruhusiwa kuandika majibu ya picha. Kazi niliyoajiriwa kufanya ilikuwa kuosha na kupanga. Kwa hiyo tulikuwa na mtindo wetu: mimi nilisema, mwanafunzi akaandika katika rejista kubwa ya kijani na kutia herufi za jina lake. Tuliyaita mazoezi. Kila mtu pale alijua maneno ni yangu, na kila mtu aliona mwandiko si wangu. Filamu yenyewe hatukubaki nayo. Huku kwetu picha ni ya mgonjwa. Hupewa ndani ya bahasha, akaenda nayo nyumbani na kuiweka chini ya godoro pamoja na hati ya shamba na vyeti vya ubatizo vya watoto. Kilichobaki hospitalini kilikuwa maneno mawili matatu ya rejista.

Siku moja tulipata mgonjwa, mama wa kutoka Kabuchai, upande wa Bungoma. Alikuja kwetu kwa sababu dada yake aliishi Kitale na angeweza kumlaza. Alikuwa mama wa makamo, mkulima wa mahindi na miwa, mwenye sukari ya miaka kadhaa. Chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia alikuwa na kidonda kidogo, kama tundu la msumari. Hakujua alikipata lini, kwa kuwa hakikuuma.

Mwanafunzi aliyemsafisha kidonda alikuwa msichana mfupi kutoka Bumula, mkimya, ambaye wenzake walimtania kwa kuosha mikono kupita kiasi. Alileta filamu kutoka chumba cha giza ikiwa bado na unyevu, nami nikaibandika kwenye taa. Wanafunzi walikuwa sita, wamenizunguka. Mama alikuwa kwenye benchi, hatua chache kutoka kwetu, mguu ameuweka juu ya kiti.

"Prof, kabla hujasoma," yule msichana alisema, "nimeingiza chuma ya kupima kwa kidonda. Imegusa kitu ngumu. Kama jiwe."

"Umegusa mfupa ama umegusa meza?"

Wenzake wakacheka.

"Mfupa, Prof. Na kidole ni moto. Imefura yote."

"Huyu bana ako na macho kwa vidole," mvulana mmoja akadakia. "Kesho atasoma eksirei na kiwiko."

Nilifuata ukingo wa kila mfupa kwa ncha ya kalamu, polepole, ili waone. Mstari mweupe haukukatika popote. Ilikuwa filamu nzuri, niliiosha mwenyewe. Nikawaambia ua ni mzima.

"Lakini kitabu inasema wiki mbili za kwanza picha inaweza kuwa safi na mfupa tayari ni mgonjwa," alisema. Sauti yake ilikuwa chini, lakini hakuacha. "Si tumwambie arudi tupige ingine? Ama aone daktari leo?"

Alikuwa sahihi. Nataka niliseme hilo waziwazi, maana nilichukua miaka sita kulisema. Hata mimi nililijua. Nilikuwa nimeona filamu safi zikirudi baada ya majuma na mfupa umeliwa. Lakini lile neno kitabu lilinichoma, mbele ya watu sita walioniita Prof.

"Hicho kitabu kimeosha filamu ngapi?" nilimuuliza.

Walicheka hadi sista akachungulia kutoka kliniki. Msichana hakucheka. Aliangalia viatu vyake.

"Filamu haina uongo," nikasema. "Andika. Mfupa mzima."

"Naweza andika pia nimegusa kitu..."

"Andika nilichosema."

Akaandika, akatia herufi zake. Nilipompa mama bahasha yake, alinishika mkono.

"Uko na hakika, mzee wa picha? Haiumi hata. Hiyo ndiyo inaniogopesha."

"Mama, mfupa wako ni mzima. Nenda ulime."

Kliniki haikungoja daktari wa picha, ilifuata rejista. Alipewa bandeji na vidonge vya siku tano, akarudi Kabuchai. Ilikuwa msimu wa kupalilia.

Alirudi baada ya majuma matano, akiwa ameshikiliwa na wanawe wawili. Harufu ilifika koridoni kabla yake. Niliosha filamu ya pili kwa mikono hii. Kichwa cha mfupa wa kidole gumba hakikuwepo; palikuwa na vumbi, kama punje iliyoliwa na fukusi ikabaki ganda. Na haikuwa kidole tu. Nilikaa ndani ya chumba cha giza muda mrefu kuliko filamu ilivyohitaji. Walimkata kidole, kisha nusu ya wayo, kisha chini ya goti. Mara tatu alipelekwa kwenye kisu, na kila mara waliniletea picha niioshe.

Wanawe wakaja kuuliza. Ilikuwa haki yao. Daktari mkuu alituita ofisini: msichana, mwalimu wake kutoka chuoni, mimi, na wale wanafunzi wengine watano. Filamu ya kwanza ilikuwa Kabuchai chini ya godoro, na hakuna aliyefikiri kuiagiza. Mezani palikuwa na rejista ya kijani peke yake, imefunguliwa kwenye ukurasa ule. Mfupa mzima, na herufi mbili za jina la msichana.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ndiyo, daktari."

"Ulisoma picha hii wewe?"

"Niliandika nilichoambiwa."

"Na nani?"

Alinigeukia. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi. "Na Prof," alisema.

Daktari mkuu akaniangalia. "Mzee?"

Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu. Hiyo si sababu, ni hesabu niliyoipiga kwa haraka ndani ya kichwa changu. Nikasema, "Daktari, picha zinazopita ni nyingi, siwezi kukumbuka zote. Na mimi kazi yangu ni kuosha. Hawa ndio wanaosoma."

Aliwauliza wale wengine. Yule mvulana wa kiwiko aliangalia dirisha. Walikuwa wanangoja alama zao, nami sikuwalaumu wakati ule wala siwalaumu leo. Mtu mzima katika chumba kile alikuwa mimi.

Msichana aliondolewa mafunzoni. Mama na wanawe waliambiwa kwamba mwanafunzi alikosea na ameshafukuzwa, wakaenda na jibu hilo. Mwaka uliofuata wenzangu walininunulia saa ya ukutani, tukanywa chai na mandazi, na daktari mkuu akasema watu kama mimi hawapatikani tena. Nikarudi shambani kwangu Kiminini. Saa ile bado ipo ndani ya sanduku lake, sikuipigia msumari.

Mwaka huu nilikwenda Bumula kwa mazishi ya shemeji. Kabla ya kurudi niliingia duka la dawa za mifugo kutafuta dawa ya kupe. Nyuma ya kaunta alikuwa yeye, amenenepa kidogo, amevaa aproni ya kampuni ya mbegu. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Prof," alisema. "Karibu. Kupe ama minyoo?"

Nilianza kuzungumza. Maneno yalitoka vibaya, nikayarudia. Akampimia mteja mmoja chumvi ya ng'ombe, akamrudishia chenji, kisha akanigeukia.

"Nimeandikia chuo barua," nikamwambia, na haikuwa kweli bado. Niliiandika usiku huohuo, na mpaka leo sijajibiwa.

"Chuo nitakifanyia nini saa hii? Niko na watoto wawili na hii duka si yangu." Alipangusa kaunta ambayo haikuwa na vumbi. "Lakini yule mama ako. Bado anaishi Kabuchai. Anajua ni mimi nilimkata mguu. Mjomba wangu alioa huko, nikienda kwao napita njia ya nyuma kama mwizi. Ukitaka kusema pole, usiniambie mimi. Enda umwambie yeye."

"Atanifukuza."

"Si akufukuze tu, basi."

Nililipa dawa ya kupe nikaenda.

Ilinichukua majuma mawili. Nilimkuta ameketi mlangoni pa nyumba yake, magongo yameegemezwa ukutani, akipukuchua mahindi. Alinisalimia, "Mulembe," kama anavyosalimiwa mgeni yeyote, akaniambia niketi. Nilipomwambia mimi ni nani, mikono yake ilisimama.

"Mzee wa picha," alisema. "Ulisema niende nilime."

"Ndiyo, mama."

Nilimweleza yote: chuma kilichogusa jiwe, kicheko, rejista, ofisi ya daktari mkuu. Nilipomaliza alisema, "Ingia chumbani. Inua godoro upande wa ukuta. Lete bahasha."

Nikaingia. Ilikuwa palepale, chini ya hati ya shamba, pembe zimeliwa na mende kidogo. Nikamletea.

"Nisomee," alisema.

Niliiinua kuelekea mwanga wa uani. Nilitamani sana nione kitu. Ukungu mdogo, ukingo uliolegea, chochote nilichoruka siku ile, ili kosa liwe la macho. Nilifuata kila mfupa kama nilivyowafundisha. Mstari mweupe haukukatika popote.

"Haionyeshi kitu, mama. Picha ni safi hata leo. Ugonjwa ulikuwa bado haujafika kwa picha. Yule msichana ndiye aliyeujua, kwa mkono wake."

"Na aliwaambia?"

"Alituambia mara tatu."

Alichukua gunzi akalizungusha vidoleni. Kuku walikuwa wamekusanyika kwenye mahindi na hakuwafukuza.

"Kila asubuhi nikichukua hizi gongo," alisema, "nataja yule mtoto kwa maombi. Si kwa uzuri. Miaka sita. Ati Mungu amfanyie vile alinifanyia." Kisha akasema, "Uko na namba yake?"

Nilikuwa nayo kwenye risiti ya duka. Nikapiga, nikampa simu, akaniashiria nisogee. Nilisimama kando ya migomba. Waliongea Kibukusu na sikuelewa yote. Mama alisema kidogo, akasikiliza muda mrefu, akapangusa uso kwa pindo la leso. Halafu akanirudishia simu. Ilikuwa imekatwa.

"Anasema bado anasikia hiyo kitu ngumu kwa mkono," aliniambia. "Anasema hata akipima mbolea anaisikia."

Nilirudisha filamu ndani ya bahasha.

"Irudishe mahali ulitoa," alisema. "Na usiikunje."

Niliingia tena chumbani, nikapiga magoti, nikainua godoro na kuilaza bapa chini ya hati ya shamba. Nilipotoka alikuwa amerudi kwenye mahindi yake. Huku kwetu mgeni husindikizwa hadi barabarani. Asiyeweza kutembea hutuma mtoto, au hata husimama tu na kupunga mkono. Alipukuchua gunzi lile hadi mwisho, akachukua lingine. Nikaenda peke yangu.